KUPANGA YA KESHO: Historia ya Kitenzi ‘plan’ cha Kiingereza mbele ya Wanafunzi Wasemao Kichina

1. Utangulizi

Katika madarasa ya Kiingereza nchini China hutokea kosa moja ambalo walimu wamelisahihisha kwa miaka mingi. Mwanafunzi huandika: ‘Last year I plan to go to Shanghai’. Nia yake inaeleweka: mwaka jana alikuwa amepanga kwenda Shanghai. Lakini kitenzi ‘plan’ kimebaki kama kilivyo katika kamusi, bila alama ya wakati uliopita. Mwalimu huongeza herufi tatu, kitenzi huwa ‘planned’, na somo huendelea.

Kosa hilo ni dogo. Hata hivyo limehusishwa na swali kubwa kuliko lenyewe: je, mtu ambaye kitenzi chake cha kupanga hakibebi alama ya wakati huyaona mambo ya mbele kwa namna tofauti na watu wengine? Wako wataalamu waliojibu kwamba ndivyo, na kutokana na jibu hilo wakatoa hukumu juu ya mataifa mazima. Swali hili si geni kwa msomaji wa Kiafrika, kwani lugha za Kibantu nazo zimepata kushitakiwa katika baraza hilo hilo. Makala haya yanafuata njia ya kitenzi ‘plan’ tangu asili yake hadi kufika katika madarasa ya China, ili kuonyesha kwamba kosa la mwanafunzi ni la sarufi, wala si la akili.

2. Mchoraji, mhesabu na mpanga safu

Kwa Kiingereza, ‘plan’ ni neno changa. Lilitoka Kifaransa katika nusu ya pili ya karne ya 17, likiwa nomino ya wachoraji na wajenzi. Maana yake ilikuwa mchoro uliolazwa juu ya karatasi: nyumba ikionekana kutoka juu, kuta zake zikiwa mistari. Katika Kifaransa chenyewe neno hilo lina wazazi wawili. Mmoja ni neno la Kilatini ‘planus’, yaani tambarare. Mwingine ni kitenzi cha kupanda au kusimika kitu ardhini, kwa sababu mchoro wa msingi huonyesha mahali ukuta utakaposimikwa. Mwanzoni mwa karne ya 18 Waingereza walianza kulitumia neno hili kama kitenzi, kwanza kwa maana ya kuchora ramani ya jengo, kisha kwa maana ya kutengeneza jambo lolote kichwani kabla ya kulitenda. Basi Mwingereza anaposema kwamba anapanga safari, neno lake bado lina harufu ya karatasi ya mjenzi.

Kichina kilianza mahali pengine. Kitenzi cha kila siku cha mtu anayetaja nia yake ni ‘dasuan’. Sehemu yake ya kwanza ina maana ya kupiga, na ya pili ina maana ya kuhesabu. Herufi ya ‘suan’ ina alama ya mwanzi juu yake, kumbukumbu ya vijiti vya mianzi ambavyo Wachina wa kale walihesabia. Kitenzi cha pili, ‘jihua’, ni cha mipango yenye taratibu: ‘ji’ ni kuhesabu au kufanya shauri, ‘hua’ ni kuchora mstari na kugawanya. Cha tatu, ‘guihua’, hutumiwa kwa mipango mikubwa ya muda mrefu, na asili ya ‘gui’ ni bikari, chombo cha kuchorea duara. Mahali ambapo Kiingereza kina neno moja, Kichina kina matatu, na kila moja lina ngazi yake. Mtu hutumia ‘dasuan’ akitaka kwenda kumwona mama yake. Mji hutumia ‘guihua’ ukitaka kujenga reli.

Kiswahili nacho kina asili yake. Kupanga ni kwanza kuweka vitu katika safu: vikombe mezani, vitabu katika kabati. Kutoka hapo yalitokea mambo ya mpango, mpangilio na upangaji, na pia mpangaji, yule anayekaa katika nyumba ya mwingine kwa kodi. Kazi tatu za mikono zimezaa vitenzi vitatu: Mwingereza alichora, Mchina alihesabu, Mswahili alipanga safu. Hakuna hata mmoja ambaye kitenzi chake kilitokana na kuuona wakati ujao wenyewe. Wote walikopa jina la kazi inayofanywa leo kwa ajili ya kesho.

3. Kiingereza chafika China

Wachina wa kwanza waliosema Kiingereza kwa wingi walikuwa wafanya biashara wa Guangzhou, katika karne ya 18 na ya 19. Kiingereza chao kilikuwa lugha ya sokoni, chenye maneno machache, na vitenzi vyake kwa kawaida havikubadilishwa umbo. Wakati wa tendo ulijulikana kwa maneno ya pembeni, kama ilivyo katika Kichina. Lugha hiyo ilitosha kuuza chai na hariri, kwa hiyo hakuna aliyelalamika kwamba watumiaji wake hawakujua kupanga. Hesabu zao za mizigo ya msimu ujao zilikuwa ushahidi wa kutosha.

Mambo yalibadilika Kiingereza kilipoingia shuleni. Mmisionari Robert Morrison alifika Guangzhou mwaka 1807, na mwaka 1818 chuo kilichounganisha masomo ya Kiingereza na ya Kichina kiliasisiwa Malacca. Kwa ajili ya chuo hicho Morrison alitoa mwaka 1823 sarufi ya Kiingereza iliyotungwa kwa wasemaji wa Kichina. Kisha zikaja vita na mikataba. Mkataba wa mwaka 1858 kati ya Uingereza na China uliamua kwamba penye tofauti ya maana, matini ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. Kuanzia hapo, kutojua umbo la kitenzi cha Kiingereza kuliweza kuigharimu serikali haki yake. Mwaka 1862 serikali ya China ilifungua Tongwen Guan mjini Beijing, shule ya wafasiri, na Kiingereza kilikuwa lugha ya kwanza kufundishwa humo.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba wanafunzi hao walikuta sarufi ya lugha ya kigeni kabla ya kuwa na kitabu cha sarufi ya lugha yao kilichotungwa na Mchina kwa mtindo huo. Kitabu hicho kilitolewa mwaka 1898 na Ma Jianzhong, msomi aliyekuwa amesoma Paris. Yeye alikipima Kichina kwa mizani ya Kilatini. Kazi yake ilikuwa kubwa, na isimu ya Kichina inaihesabu kuwa mwanzo wake. Lakini mizani ya Kilatini ina sahani maalumu ya nyakati za kitenzi, na katika sahani hiyo Kichina kilionekana hakina kitu cha kuweka. Hatari ya kuita tofauti kuwa upungufu ilianzia hapo, nayo inajulikana vema kwa wale waliosoma sarufi za kwanza za lugha za Kongo.

4. Kutoka maana kwenda kiolezo

Hatua iliyofuata ilifanyika Japani. Harold Palmer na A. S. Hornby, Waingereza waliofundisha huko, walitambua kwamba mwanafunzi wa Mashariki ya Asia hakosei kwa sababu hajui maana ya kitenzi, bali kwa sababu hajui kinachopaswa kukifuata. Vitenzi vyenye maana jirani havifuati kiolezo kimoja. Mtu husema ‘I plan to go’, lakini hawezi kusema ‘I suggest to go’, ingawa vitenzi vyote viwili vinahusu jambo ambalo bado halijatendwa. Hornby pamoja na wenzake wawili walitoa Tokyo mwaka 1942 kamusi iliyoonyesha violezo vya vitenzi. Oxford iliichapisha tena mwaka 1948, na kutoka hapo ilitokea ile kamusi ya wanafunzi ambayo matoleo yake yenye tafsiri ya Kichina yalienea sana.

Wakati huo China yenyewe ilikuwa imeingia katika zama ambamo neno la kupanga lilikuwa kila mahali. Mpango wa kwanza wa miaka mitano ulianza mwaka 1953 na kwisha mwaka 1957, na ‘jihua’ likawa neno la viwanda, mashamba na magazeti. Lugha ya kigeni iliyotangulia shuleni katika miaka hiyo ilikuwa Kirusi. Kiingereza kilipata nafasi kubwa tena baada ya mtihani wa kuingia vyuo vikuu kurudishwa mwaka 1977. Mwaka 1982 televisheni ya taifa ilianza kuonyesha masomo ya Kiingereza yaliyotengenezwa na BBC, nayo yalifuatwa na watazamaji wengi mno, na mwaka 2001 serikali iliagiza Kiingereza kianze kufundishwa katika darasa la tatu la shule ya msingi.

Kizazi hicho kilijifunza ‘plan’ kwa kulilinganisha na ‘jihua’, kwa sababu ndilo neno lililokuwa katika magazeti. Hapo pana mtego. Mwanafunzi anayejua kwamba ‘plan’ ni ‘jihua’ husita kulitumia kwa mambo madogo. Huona haya kusema ‘I plan to wash my clothes’, kana kwamba kufua nguo kunahitaji kamati. Mwingine hugeuza kila nia kuwa nomino, akasema kwamba ametengeneza mpango wa kwenda sokoni. Ngazi ya ‘dasuan’, ambayo ingemfaa, haikutajwa katika orodha yake ya maneno. Wachina wenyewe wanazipima ngazi hizi kwa makini. Mwaka 2006, wakati wa mpango wa kumi na moja wa miaka mitano, serikali yao iliacha neno ‘jihua’ katika jina la mpango na kuweka ‘guihua’, kuonyesha kwamba uchumi sasa uliongozwa tu, haukuamriwa kila kitu kama zamani. Badiliko hilo lililokuwa na uzito mkubwa kwa Kichina linapotea katika Kiingereza, ambacho kimeendelea kutumia ‘plan’ kwa yote mawili.

5. Mahali panapoteleza

Tukiacha ngazi za maana, mahali panapomtelezesha mwanafunzi wa Kichina ni patatu.

Pa kwanza ni kiungo. Katika Kichina kitenzi cha pili hufuata cha kwanza bila kitu katikati: ‘dasuan qu Beijing’, yaani kupanga kwenda Beijing. Kwa hiyo mwanafunzi huandika ‘I plan go’. Msemaji wa Kiswahili hana taabu hapa, kwa sababu kiambishi ‘ku-’ cha kitenzi-jina hufanya kazi inayofanana na ya ‘to’. Anapojifunza ‘to’, Mchina hukutana na njia ya pili, ‘plan on going’, inayodai umbo jingine baada ya ‘on’. Njia hizo mbili huchanganyika, na matokeo yake ni ‘plan to going’, ambayo si ya njia yoyote. Dawa yake ni ile ya Hornby: kukariri kitenzi pamoja na mkia wake, si kitenzi peke yake.

Pa pili ni wakati. Kichina hakitii alama ya wakati katika kitenzi. Kina kijineno ‘le’ cha kuonyesha tendo lililokamilika, lakini ‘dasuan’, kikifuatwa na kitenzi kingine, hakikipokei. Wakati huonyeshwa na maneno kama ‘qunian’, mwaka jana, na jambo lililopangwa bila kutendwa huonyeshwa na ‘benlai’, yaani hapo awali. Mchina anaposema ‘benlai dasuan qu’, kila msikilizaji wake anajua kwamba safari haikufanyika. Kiingereza husema jambo hilo kwa umbo la kitenzi: ‘I had planned to go’. Kiswahili husema ‘nilikuwa nimepanga kwenda’, na mara nyingi sauti peke yake huonyesha kwamba kuna ‘lakini’ inayokuja. Lugha zote tatu zina mahali pa kuwekea mpango ulioshindikana. Tofauti ni kwamba Kichina kimeuweka katika neno la pembeni, na Kiingereza na Kiswahili ndani ya kitenzi. Hata maandishi yana mtego wake: anayesahau ‘n’ ya pili katika ‘planned’ hupata ‘planed’, yaani alipiga randa. Maneno hayo mawili yana asili moja, ule utambarare wa Kilatini, lakini aliyekusudia kupanga safari amejikuta katika karakana ya seremala.

Pa tatu ni mbele na nyuma. Kiingereza husema ‘plan ahead’, kupanga kwa kutazama mbele. Katika Kichina ‘qian’ ni mbele na ‘hou’ ni nyuma, lakini ‘qiantian’ ni juzi na ‘houtian’ ni kesho kutwa. Siku zilizopita ziko mbele, zinaonekana; zijazo ziko nyuma. Wakati huo huo ‘qiantu’, njia iliyo mbele, ni maisha yajayo ya mtu. Ili kusema ‘plan ahead’, Kichina hutumia ‘tiqian’, ambayo neno kwa neno ni kuleta mbele: si mtu anayekwenda kwenye wakati ujao, ni jambo linalovutwa lifike mapema. Mwanafunzi anayefasiri neno kwa neno huandika ‘plan before’, na mwalimu asiyejua Kichina hudhani kwamba amechanganya jana na kesho. Hakuchanganya, dira yake tu imechorwa upande mwingine.

6. Hukumu juu ya akili

Kutokana na tofauti kama hizi zimejengwa hoja kubwa. Mwaka 1981 mwanasaikolojia wa Marekani Alfred Bloom alidai kwamba wasemaji wa Kichina hupata shida kufikiri juu ya mambo ambayo yangalitokea lakini hayakutokea, kwa kuwa lugha yao haina umbo maalumu la kuyataja. Mwaka 1983 Terry Kit-fong Au alionyesha kwamba hadithi zilezile zikiandikwa kwa Kichina fasaha, wasomaji wa Kichina huzielewa vizuri. Kosa lilikuwa katika tafsiri, si katika vichwa vya waliosoma.

Miaka 30 baadaye hoja iligeuzwa juu chini. Mwaka 2013 mwanauchumi Keith Chen alidai kwamba watu ambao lugha zao hazilazimishi alama ya wakati ujao, Kichina kikiwa miongoni mwao, huweka akiba zaidi na kuitunza afya yao zaidi, kwa sababu kwao kesho haitengwi na leo. Mwaka 2015 Chen mwenyewe, pamoja na Seán Roberts na James Winters, walichunguza tena wakizingatia udugu wa lugha na tamaduni, na uhusiano ule ukaonekana dhaifu zaidi. Hapa ndipo penye fundisho. Kichina kile kile kisicho na alama katika kitenzi kilitumiwa kwanza kuwalaumu wasemaji wake na baadaye kuwasifu. Ushahidi unaoweza kumtia mtu hatiani asubuhi na kumpa nishani jioni haufai kutolewa hukumu.

Afrika inaujua mchezo huu. Mwaka 1969 John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba katika fikra za jadi za Mwafrika wakati ujao karibu haupo. Aliyatwaa maneno mawili ya Kiswahili, ‘sasa’ na ‘zamani’, akayafanya vyumba viwili vya wakati wote, na ushahidi wake mkubwa ulikuwa vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu, ambavyo kwa maelezo yake havifiki mbali zaidi ya miaka miwili. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga katika kitabu chake cha mwaka 1987, akitumia ushahidi wa Kiakani. Na msomaji wa Kongo, ambako falsafa nzima ya Wabantu ilitolewa katika lugha ya Waluba na kitabu chake kuchapishwa Elisabethville mwaka 1945, anajua jinsi safari ilivyo fupi kutoka sarufi hadi hukumu. Kumbe mkulima anayepanda mchikichi hungoja miaka kabla ya kukata kichane cha kwanza, wala haombi ruhusa kwa kiambishi.

Tena lugha hizi zinafanana pale zilipodhaniwa kutofautiana. Kiingereza, ambacho kilifanywa kipimo, hakina kiambishi cha wakati ujao. Hutumia ‘will’, ambalo zamani lilikuwa kitenzi cha kutaka. Kiambishi ‘-ta-’ cha Kiswahili chatokana na ‘taka’. Kichina nacho hutumia ‘yao’, kutaka, kwa jambo linalokaribia kutendwa. Watu wa mabara matatu waliizungumzia kesho kwa kuanza na matakwa yao ya leo. Na kama ni ushahidi wa matendo unaotakiwa, serikali ya China ilianzisha ghala za nafaka za kusawazisha bei mwaka 54 kabla ya Kristo, ikinunua katika mavuno mema ili iuze katika njaa, kwa lugha isiyo na alama ya wakati ujao. Kichina kina hata msemo wa herufi nne, ambao asili yake ni kongwe kuliko ghala hizo, unaomkumbusha mtu ndege akazaye kiota chake kabla ya mvua. Mswahili angemjibu ndege huyo: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

7. Hitimisho

Historia ya ‘plan’ nchini China ni historia ya mizani. Sokoni Guangzhou, Mchina alipimwa kwa mali yake na akaonekana mtu wa hesabu. Shuleni alipimwa kwa sarufi ya Kilatini na akaonekana amepungukiwa. Violezo vya Hornby vilimsaidia zaidi kuliko nadharia zote, kwa sababu vilimwambia kinachofuata kitenzi bila kumwambia yeye ni mtu wa namna gani.

Jambo hili lina faida karibu zaidi. Redio ya Peking ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1961, na tangu miaka hiyo vijana wa Kichina wamekuwa wakijifunza lugha hii. Nao hufika kwa mwalimu wa Kiswahili na ‘dasuan’ yao: huandika ‘mwaka jana ninapanga kwenda’, pale walipokusudia ‘nilikuwa nimepanga kwenda’. Mwalimu aliyesoma habari hizi ataonyesha ‘benlai’ iko wapi katika kitenzi cha Kiswahili, atasahihisha kiambishi, na atakomea hapo. Mwanafunzi aliyevuka bahari mbili ili ajifunze lugha ya watu hahitaji kufundishwa kuifikiria kesho.